Kizibo cha Mzinga: Kipuri Adimu na Silaha za Makumbusho



Nimeombwa nizungumzie ukarabati wa silaha za kale zilizopungukiwa na kipuri. Nitashika mfano mmoja tu: mizinga ya Königsberg, manowari ya Kijerumani.

Vita vya meli hiyo katika pwani yetu vilitegemea mafundi sawasawa na wanamaji. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta manowari Pegasus ya Waingereza imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ikaizamisha. Muda si mrefu ikaharibikiwa yenyewe, ikajificha katika delta ya Rufiji. Vipande vibovu vya mtambo vikaburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikarudi vizima. Lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kuziba njia ya kutokea baharini.

Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na meli za Waingereza, Severn na Mersey, nahodha Max Looff aliamuru meli izamishwe, na vizibo vya mizinga vikatupwa majini. Kizibo ni kile chuma kizito kinachofunga nyuma ya mzinga baada ya risasi kuingizwa. Ndicho kinachohimili msukumo wa baruti unaorudi nyuma. Kikikosekana, mzinga ni bomba tu. Kikiwa na ufa au kikilegea kidogo, anayeumia ni mpigaji.

Hapo ndipo penye somo letu. Karakana za Dar es Salaam ziliweza kuunda magari ya kubebea mizinga hiyo nchi kavu. Kizibo zisingeweza. Kingehitaji chuma cha kampuni ya Krupp na vipimo vya kiwandani, na kiwanda kilikuwa Ujerumani, ng'ambo ya bahari iliyofungwa. Akiba pekee ilikuwa kwenye tope la Rufiji. Basi Wajerumani wakapiga mbizi kuitafuta, wakaipata, na mizinga yote 10 ya sentimita 10.5 ikaopolewa. Mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen, Ziwa Tanganyika, ile tunayoiita Liemba leo. Baadhi ya mingine iliburutwa bara na mamia ya wapagazi, ambao majina yao hayatajwi sana vitabuni kama la Looff.

Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus. Ndiyo maana mizinga ya mahasimu hao wawili imewekwa pamoja Fort Jesus, Mombasa.

Sasa tuje kwetu sisi wahifadhi. Silaha ya makumbusho haitarajiwi kufyatua tena, na kwangu mimi hilo linageuza kazi nzima. Fundi wa 1915 alitafuta kizibo ili mzinga upige. Sisi tukikikosa, pengo lenyewe ni ushahidi. Bunduki iliyofungwa waya kitakoni na mwindaji wa zamani isivuliwe waya huo ili ipendeze. Nimewahi kusikia hoja kwamba tung'oe kipande kwenye bunduki ya ghalani tukamilishie ya maonyesho. Siafiki hata kidogo: tutabaki na silaha mbili zenye historia ya uongo. Ikiwa lazima mtazamaji aone umbo kamili, kipande kichongwe kwa mti, kitofautiane kidogo kwa rangi, kiandikwe mwaka upande usioonekana, na kiweze kutolewa bila kukwaruza chuma cha asili. Kutu isipigwe msasa mpaka kwanza itafutwe mihuri ya kiwanda na namba chini yake, kwa maana namba hizo ndizo zitakazotuambia kama kizibo tulicho nacho kilizaliwa na mzinga huo au kilitoka kwa mwenzake.