Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha hapa. Tulianza na hisa ndogo ndogo, leo tunakopeshana hadi za kiwanja. Kupata mkopo si kazi tena. Kazi ni kuamua.

Mkopo wa kiwanja ukitoka tunauliza: hati ya mauziano itaandikwa jina la nani? Wengine hununa, eti tunaingilia ndoa za watu. Jamani, mwenzetu mmoja alilipa marejesho miaka miwili. Alipofiwa na mume, wakwe wakamwonyesha karatasi isiyo na jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatupa haki ya kumiliki ardhi sawa na wanaume. Tuandikishe majina mapema, tungali tunacheka na waume zetu.

Uamuzi mwingine ni wa mabinti. Tangu Novemba 2021 serikali yetu ya Tanzania inaruhusu aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni akishajifungua. Basi asiozwe haraka haraka kufuta aibu. Sisi bibi zake tutambeba mjukuu, na mfuko wa jamii utanunua sare.