Kilwa Kisiwani Si Magofu Matupu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya familia zetu, Sinaw, sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba)



Tumepewa dakika kumi tuzungumze kuhusu nyumbani. Nyumbani ni kukubwa. Tukitaka kuieleza nchi nzima tutaishia kwenye ramani na bendera, na hizo watoto wamekwisha kuzipaka rangi asubuhi. Basi tumechagua kijiji kimoja kidogo cha pwani, Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi. Baadhi yetu hapa ndiko walikozaliwa mama zetu. Tena ni kijiji ambacho mtoto akikitafuta kwenye simu anaona mawe, haoni mtu.

Mawe yapo, na ni fahari yetu. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa hadi Australia, mwaka 1944. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kisha yakatolewa. Na ile ngome ya ufukweni, Gereza? Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, wakaondoka 1512. Hii inayoonekana leo ni kazi ya Waomani, karne ya 19. Kwa hiyo watoto, mwenzenu wa shuleni akiwauliza sisi na wao tumejuana wapi, mwambieni kuna ukuta uko Kilwa, akauone. Kweli, sultani wa mwisho wa Kilwa aliondolewa na utawala wa Seyyid Said katika miaka ya 1840. Hatulisemi hilo kwa kuchokonoa, maana tunakula chumvi ya nchi hii. Tunalisema kwa sababu ni historia yetu sote wawili.

Sasa watu. Kisiwani pana kijiji kinachoishi, leo, na nyumba zake za udongo na fito, nyingine za makuti, nyingine za bati, zimesogeleana na magofu. Mbuzi hupanda juu ya kuta ambazo mgeni amelipa kiingilio kuzitazama. Wanaume huenda baharini. Maji yakitoka, wanawake na watoto hushuka mwambani kutafuta pweza. Mihogo hulimwa kati ya mibuyu. Ng'ambo ni Kilwa Masoko, kwenye soko, benki na barabara ya kwenda Dar es Salaam. Katikati ni mlango wa bahari, si mpana, mtu huona taa za upande wa pili. Lakini ni bahari.

Sisi wa Sinaw hatuna bahari. Samaki wetu huja kwa gari kutoka pwani ya Mahout, na Alhamisi asubuhi, sokoni kati ya ngamia na mbuzi, harufu ya papa mkavu ikitupata tunasimama. Wazee wanajua kwa nini.

Watu wa kijiji kile ni wangapi? Swali hili limetukalisha sana. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake: 61,741,120. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652 mwaka 2012, na safari hii ukawa na 1,194,028. Lakini sensa yetu humwandika mtu pale alipolala usiku ule. Sisi tulilala hapa. Na Oman ilipofanya sensa yake ya mwaka 2020 kwa kumbukumbu za kompyuta, tulikuwamo ndani ya wale watu 4,471,148, upande wa wageni. Kwa hiyo mama yupo kisiwani kahesabiwa peke yake chumbani, na watoto wake wote tumo katika hesabu ya nchi nyingine. Karani hana kosa, ndivyo sensa inavyokwenda. Ila ukikaa na kijiji ukakihesabu kwa majina, nyumba moja moja, unagundua wanaobaki ni akina nani: wazee, watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Vijana wenye nguvu za kuvuta kamba wamekwenda Masoko, Dar, Mtwara, na huku.

Hapo ndipo sisi wauguzi tunapoingia. Baadhi yetu tumechukua shahada ya uuguzi nje, mbali sana na mlango ule wa bahari, na darasani tulifundishwa kwamba mama mjamzito huponzwa na ucheleweshwaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Wenzetu darasani waliandika tu. Sisi tuliiona mashua. Mama akishikwa na uchungu wenye matatizo usiku, wakati wa kusi, maji yametoka, chombo hakisogei ufukweni. Lazima abebwe, avushwe, kisha apande gari, kwani hospitali ya wilaya iko Kivinje, siyo Masoko. Na damu ikianza kumtoka mama baada ya kujifungua, saa mbili zinatosha kumwondoa. Hapa Sinaw gari la wagonjwa likipigiwa simu linakuja kwa lami.

Ndugu zetu, kamati imeleta mawazo mawili kuhusu mchango wa mwaka huu. La kwanza ni safari ya watoto kwenda kutembelea magofu. La pili ni mashine ya boti na makoti ya kuokolea, vikae kijijini chini ya usimamizi wa serikali ya kijiji, kwa ajili ya wagonjwa. Tunaheshimu waliotoa wazo la kwanza, na watoto wetu wanastahili kukiona kisiwa. Lakini sisi tunasimama na mashine. Magofu yamesubiri miaka mia saba, yatasubiri likizo nyingine. Na tusinunue mashine tukaishia hapo: mafuta, plagi na fundi wa Masoko viingie kwenye hesabu tangu leo, la sivyo itakuwa kiti cha kuku. Pia tuzungumze na jamaa zetu wajawazito wavuke mapema, wiki mbili tatu kabla, wakae kwa ndugu ng'ambo. Hilo halina gharama kubwa, lina simu tu.

Jambo la mwisho ni daftari. Tunataka kila familia iandike kijiji chake, majina ya waliobaki nyumbani na ya waliozaliwa huku, hata kama si wa Kilwa. Wa Pangani aandike, wa Mafia aandike, wa Mikindani pia. Liko kwenye meza ya vyakula, karibu na birika la kahawa, na kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu mwaka jana ziliondoka tatu. Watoto waandike wenyewe, wazee wasome tahajia.