Chunusi: Kwa Nini Dawa Ile Ile Humfaa Huyu na Kumkataa Yule



Hutokea vijana wawili wakaandikiwa doksisaiklini kwa ajili ya chunusi. Mmoja uso unasafika. Mwenzake haoni tofauti, naye huanza kutafuta dawa kali zaidi. Mara nyingi kilichokosekana si ukali wa dawa.

Kwanza ni muda. Dawa hii hupunguza bakteria na uvimbe ndani ya ngozi, na nafuu huonekana vizuri baada ya wiki 6 hadi 8. Anayeacha wiki ya pili hajaipa nafasi.

Kisha namna ya kumeza. Tembe za kuongeza damu na dawa za kiungulia huinasa tumboni isiingie mwilini, hivyo zipishane kwa saa kadhaa. Maziwa nayo huipunguza kiasi. Imezwe kwa gilasi nzima ya maji, si kwa chai ya maziwa. Wala isimezwe mtu akielekea kulala, kwani ikikwama kooni huchoma vibaya.

Lakini kinachosahaulika zaidi kiko juu ya uso wenyewe. Krimu za kujichubua zenye steroidi huleta chunusi: mtu anameza dawa asubuhi, jioni anapaka ugonjwa. Mafuta mazito ya nywele huziba vitundu vya ngozi kwenye paji la uso. Msichana anayekosa hedhi kwa miezi na kuota ndevu huenda ana tatizo la homoni, ambalo antibayotiki hailitibu. Na vipele vidogo vya kuwasha, vyote vya ukubwa mmoja, huenda ni kuvu, ambayo antibayotiki huweza kuichochea.

Madaktari hushauri tembe hizi ziambatane na benzoili peroksaidi ya kupaka, na matibabu yakaguliwe baada ya miezi 3, ili bakteria wasiwe sugu. Doksisaiklini hiyo hiyo hutumika kutibu kipindupindu na bruselosisi, ugonjwa unaowapata wengi kupitia maziwa mabichi. Kumgawia rafiki tembe zilizobaki ni hatari, hasa akiwa mjamzito.

Ambaye wiki 8 zimepita bila nafuu arudi kwa aliyemwandikia dawa, akiwa amebeba kila krimu na kila tembe anayotumia.