Mteule wa Uchukuzi Apimwe kwa Kazi



Mazungumzo yangu ya leo yanahusu haki ya kumwunga mkono mtu aliyeteuliwa kushika madaraka. Nimechukua mfano wa mbali, uteuzi wa Waziri wa Uchukuzi wa Marekani wa mwaka 2001, kwa kuwa binadamu huamua kwa utulivu zaidi jambo lisilomhusu jamaa yake.

Nchini Marekani Rais humteua waziri, lakini mteule hashiki kazi mpaka Baraza la Seneti limhoji na kumpigia kura. Idara ya Uchukuzi ya nchi hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1967, husimamia mambo ya barabara kuu, reli na usafiri wa anga. Kazi yake haina fahari. Barabara ikipitika hakuna amtajaye waziri. Daraja likianguka, kila mtu hulijua jina lake.

Mwezi Januari 2001, Rais George W. Bush wa chama cha Republican alimteua Norman Mineta, mwanachama wa chama cha Democratic na mtoto wa wahamiaji kutoka Japani. Mwenye kutafuta sababu ya kumkataa angeweza kuipata katika chama chake, au katika nasaba yake. Hata hivyo Seneti ilimkubali kwa kura 100, bila hata moja ya kupinga. Nashikilia kwamba Seneti ilitenda haki.

Kwanza, Mineta aliijua kazi. Alichaguliwa kuwa Meya wa San Jose, California, mwaka 1971. Kisha alikuwa Mbunge kuanzia 1975 hadi 1995, na akafikia kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi na Uchukuzi. Alikuwa miongoni mwa waliotunga sheria ya uchukuzi ya mwaka 1991, iliyozipa serikali za majimbo na miji sauti kubwa zaidi katika kuamua matumizi ya fedha, ili zisiishie katika barabara tu bali zifike pia kwenye mabasi na treni za umma.

Pili, aliyajua kwa mwili wake madhara ya Serikali inapokosea. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 10, alihamishwa kwa nguvu pamoja na wazazi wake, hatimaye wakawekwa katika kambi ya Heart Mountain, Wyoming. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliwekwa kizuizini namna hiyo wakati wa vita, na wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Alipokuwa Mbunge aliipigania sheria ya mwaka 1988, ambayo kwayo Serikali iliomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000.

Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Alipotoka Bungeni mwaka 1995, Mineta alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya Lockheed Martin, ambayo Serikali ni mteja wake mkubwa. Sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 na miiko yake ya uongozi, hatuna budi kuuliza: atamtumikia nani? Swali hilo ni halali kwa kila mteule. Wala si kila alilolifanya baadaye lilistahili sifa. Mwaka 2005 aliitetea bajeti iliyokusudia kuiondolea ruzuku Amtrak, shirika la treni za abiria.

Kipimo kikubwa kilikuja mapema. Siku ya tarehe 11 Septemba 2001, magaidi walipoziteka ndege nne, wakuu wa uongozaji wa ndege waliamuru kila ndege ya kiraia iliyokuwa angani itue. Waziri aliisimamia amri hiyo bila kusita, na ndege zipatazo 4,500 zilitua katika muda wa saa chache. Kabla mwezi huo haujaisha, nchi ikiwa bado imejaa hofu, Idara yake iliyaandikia mashirika ya ndege kuyakumbusha kwamba sheria inakataza kumbagua abiria kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Mtoto aliyefungwa kambini kwa ajili ya nasaba yake alikuwa sasa na madaraka ya kuwakinga wengine, naye akayatumia.

Ndugu zangu, katika nchi yetu mawaziri hawapigiwi kura Bungeni mmoja mmoja kama huko. Kwa hiyo mzigo wa kupima watu unawaangukia zaidi wale wanaoshauri, wanaopendekeza na wanaojaza fomu za tathmini, yaani ninyi. Jina la mwalimu mkuu au la mhandisi wa barabara linapoletwa mezani, msianze kwa kuuliza anatoka wapi au ni mtu wa nani. Ulizeni anaijua kazi kwa kiasi gani, amewahi kumtumikia nani, na alisimama wapi siku ambayo haki ilikuwa na gharama. Akikosa, semeni bila woga. Akifaa, mwungeni mkono hadharani, hata kama hatoki upande wenu. Cheo ni dhamana, na dhamana hiyo inaanzia kwa anayependekeza.