Je, Kijana Ameelewa? Vitabu vya Mauaji ya Kimbari Mikononi mwa Wanafunzi wa Sekondari



Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria hatuwezi kusema kwamba mauaji ya kimbari ni habari za mbali. Kati ya Aprili na Julai 1994 Watutsi wa Rwanda waliangamizwa, pamoja na Wahutu waliokataa kuua. Maelfu ya miili yao ilichukuliwa na mto Kagera hadi katika ziwa hili hili tunalovua. Zaidi ya 10,000 wamezikwa ng'ambo, upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo.

Kwa hiyo ni vema vijana wetu wasome maandishi ya walioonja mateso ya namna hiyo: shajara ya Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam tangu 1942 hadi 1944, Night cha Elie Wiesel, aliyepelekwa Auschwitz akiwa na miaka 15, na Left to Tell cha Immaculée Ilibagiza, Mkatoliki wa Rwanda aliyejificha siku 91 katika bafu la mchungaji mmoja pamoja na wanawake wengine saba. Lakini wakiisha kusoma, tutajuaje kwamba wameelewa?

Mazoea yetu ni kuuliza: Wayahudi wangapi waliuawa? Kijana hujibu milioni 6, akapewa alama zote. Hatudharau tarakimu, kwa maana asiyezijua hudanganywa kwa urahisi. Hata hivyo, kukariri si kuelewa. Tunapendekeza vipimo vitatu.

Kwanza, kipimo cha maneno. Kabla ya panga lilitangulia neno. Redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", maana yake mende. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini haikuwaachia huru. Basi tumwulize kijana: ni maneno gani yaliyomvua jirani utu wake, na nani aliyatamka? Anayejibu tu kwamba "walichukiana tangu zamani" bado hajaelewa, kwa kuwa jibu hilo halimtaji aliyepanga, aliyetangaza wala aliyetii.

Pili, kipimo cha watazamaji. Wiesel asimulia jinsi mtu aliyenusurika alivyorudi mjini kwao Sighet kuwaonya Wayahudi wenzake, nao wakamwona kuwa amerukwa na akili. Tuulize: kwa nini hawakuamini? Majirani walifanya nini? Hapa tusiwafiche vijana aibu ya nyumba yetu wenyewe. Katika parokia ya Nyange, Watutsi waliokimbilia kanisani waliangushiwa kanisa hilo kwa tingatinga. Padre wa mahali hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake nchini Rwanda. Kijana akiuliza, "Mbona wauaji nao walikuwa wamebatizwa?" tusimkemee. Ameanza kuelewa.

Tatu, kipimo cha nyumbani. Katika Usukuma, bibi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, nao wakaitwa "dili". Hatusemi kwamba mambo haya ni sawa na Auschwitz au Rwanda, ambako dola lenyewe liliratibu mauaji. Tunasema kwamba mlango wa kuingilia ni ule ule: mtu kuitwa jina lisilo la mtu. Basi tumwulize kijana: katika kijiji chenu ni nani anaitwa hivyo, nawe hunena nini unaposikia? Jibu hilo lisitiwe alama; lizungumzwe kwa upole.

Tunatoa tahadhari mbili. Tusiwaigizishe watoto mauaji, maana maumivu ya watu si mchezo. Wala tusimfanye mwanafunzi mwenye ualbino, au mwenye asili ya ukimbizi, kuwa kielelezo mbele ya wenzake.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, hakumwuliza hesabu. Alitaka kujua ndugu huyo yuko wapi. Nasi tuwapime vijana wetu kwa swali hilo, na kabla yao tujipime wenyewe.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni majina gani ya dharau tunayoyavumilia majumbani mwetu na katika magulio?
2. Bikizee akisingiziwa uchawi, nani katika jumuiya yetu atakwenda kukaa naye usiku huo?
3. Tutasaidiaje shule zilizo jirani nasi kupata vitabu hivi, na walezi wa kuvisoma pamoja na vijana?