FIDIA SI SADAKA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wetu wa Visiwani wafanyao kazi Segera na katika mashamba ya jirani. Inachapishwa hapa kwa ombi la matawi ya Unguja na Pemba.



Nakushukuruni kwa kuitika mwito, khasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja na mavumbi yenu mwilini. Mavumbi hayo ndiyo sehemu kubwa ya khabari yangu ya leo.

Segera ni njia panda. Njia itokayo Chalinze hugawanyika hapa: moja hushika Tanga, na ya pili hupanda Korogwe mpaka Moshi na Arusha. Kila msafiri huijua kwa mabasi, malori na mikahawa yake. Lakini wasafiri hao hawaulizi ni nani alalaye chini ya lori akilifunga gurudumu usiku, ni nani apandaye juu ya shehena, ni nani asimamaye mbele ya mashine ya mkonge kule Hale, Ngombezi au Magoma. Wala hawaulizi mtu huyo akikatika mkono hupata nini. Miongoni mwa watu hao wamo ndugu zetu waliovuka bahari kutafuta riziki. Kwa hiyo chama chetu hakiwezi kusema kwamba mambo ya Segera ni mambo ya watu wa Segera.

Nina rai moja ya kuitia nyoyoni mwenu. Fidia ya aliyeumia kazini ni haki iliyowekwa na sheria. Si sadaka ya tajiri wala si fadhila ya Serikali. Lakini haki hii ina adui mmoja mkubwa kuliko ukatili wa waajiri, naye ni kukosa ushahidi. Wengi wameumia kweli, wakastahiki kweli, wakatoka mikono mitupu kwa kuwa hapana karatasi iliyosema walichokisema.

Tuanze na historia kwa ufupi. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani, Dr. Richard Hindorf, na mimea iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache likazuka pori la mashamba kutoka Pangani mpaka Korogwe na kwengineko, na mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Utajiri huo ulibebwa na mabega ya manamba, watu walioandikwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mkataba ulipokwisha, namba alirudishwa kwao. Kama alirudi na jicho moja kwa kuchomwa na mwiba wa jani, ilionekana. Kama alirudi na kifua kilichojaa vumbi, haikuonekana. Akafia kijijini kwake, na watu wakasema ni kifua kikuu au ni uchawi.

Wakati wa ukoloni ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyojulikana kwa Sura ya 263. Sheria hiyo ilimtupia mzigo mwajiri mwenyewe, na viwango vyake vikaachwa vilale huku thamani ya shilingi ikiporomoka. Ikafika hadi kwamba kima cha juu cha mtu aliyepata kilema cha maisha kilikuwa shilingi 108,000, na cha mtu aliyekufa kilikuwa shilingi 83,000. Zingatieni jambo hilo, ndugu zangu. Bendera ya Mwingereza ilishuka mwaka 1961, lakini sheria ya kumpunja mfanyakazi iliendelea kutumika, na watawala wetu wakaishi nayo bila ya haya mpaka karne hii ya ishirini na moja.

Sheria mpya ya Bara ilipitishwa mwaka 2008. Hata hivyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa na sheria hiyo haukuanza kazi ila Julai 2015, yaani miaka saba baadaye. Hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Chama cha upinzani kisichoweza kukiri jema huwa ni chama cha matusi tu. Sheria hiyo ina mema, nami nataka muyajue, kwani sheria isiyojulikana ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

La kwanza, michango ya Mfuko hutolewa na mwajiri peke yake. Hapana hata senti moja iwezayo kukatwa katika mshahara wenu kwa jina la Mfuko huo, na mwajiri akatae hivyo anavunja sheria.

La pili, mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Yatosha kwamba aliumia katika kazi na kwa ajili ya kazi. Hili ni jambo kubwa. Zamani mnyonge alibanwa kwa suali moja: "Kosa lilikuwa la nani?" Naye angewezaje kushinda hoja hiyo mbele ya tajiri mwenye wakili?

La tatu, mkataba wa mdomo ni mkataba. Mtu hatoki katika haki kwa sababu hulipwa kwa siku au kwa kipimo cha kazi. Msimamizi akikwambieni, "Wewe ni kibarua tu, huna fidia," mjue kwamba anayasema yamfaayo yeye, si yaliyomo katika sheria.

La nne ni malipo yenyewe. Pamoja na matibabu, mtu aliyelazimika kukaa nje ya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake. Tuchukue mfano wa mtu apataye shilingi 150,000 kwa mwezi: huyo atapata shilingi 105,000 kila mwezi akiwa kitandani. Linganisheni na zile 108,000 ambazo sheria ya zamani ilizihisabu kuwa ndizo thamani ya kilema cha maisha! Akibaki na kilema cha kudumu kisichozidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo. Kikizidi, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Akifa, wanaomtegemea wana haki yao. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kweli hapana fedha irudishayo mkono. Lakini mwenye pengo hatakiwi pia afe njaa.

Haya ndiyo mema. Sasa nakuja penye uchungu.

Ajali ina saa yake. Mkono ukivutwa na korona, damu humwagika mbele ya watu, mashine husimamishwa, na kila aliyekuwapo ni shahidi. Maradhi hayana saa. Vumbi la mkonge huingia kifuani siku baada ya siku, khasa kwa wale wa brashi, ambako singa kavu husuguliwa na hewa ikawa nyeupe. Wale wa korona nao hufanya kazi katika maji na utomvu wa jani, ukawawasha ngozi. Wataalamu waliochunguza viwanda vya mkonge vya Tanzania katika miaka ya 2000 walikuta kikohozi na kubanwa na kifua kwa wafanyakazi wa sehemu hizo kuliko kwa wenzao wasiokaa katika vumbi. Si jambo la kudhani, basi. Limekwisha kupimwa na kuandikwa.

Sheria nayo inayatambua maradhi ya kazi, na ina jedwali lake. Lakini mgonjwa hutakiwa aonyeshe kwamba maradhi yake yametokana na kazi ile. Ataonyeshaje mtu aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita, asiye na barua ya kuajiriwa, asiyepata kupimwa kifua siku aliyoingia wala siku aliyotoka? Mwajiri atasema alikuwa mvutaji sigara. Daktari wa kijijini ataandika neno moja: kikohozi. Na hapo haki hufa, ingawa hapana mtu aliyeiua.

Ndugu zetu wa Visiwani wamo katika khatari hii maradufu. Mfanyakazi wa Handeni akiugua huwa bado yu karibu na shamba, na mashahidi wake yu nao. Mpemba akiugua hurudi kwao Wete au Chake Chake kuuguzwa na mamaye. Huvuka bahari, na ushahidi wote huubakisha ng'ambo. Yaliyowapata manamba wa Kigoma miaka ya 1950 yanaweza kumpata yeye leo, ijapokuwa sheria imebadilika.

Msidhani kwamba shida hii haina dawa. Tazameni Afrika ya Kusini. Wachimba dhahabu kutoka Lesotho, Msumbiji na nchi nyengine walirudi kwao na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, na kwa miaka mingi hakuna aliyewasikiliza. Walipokusanyika wakashitaki kwa pamoja, makampuni yalikubali mapatano, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliyathibitisha: randi bilioni 5, kwa waliofanya kazi tangu Machi 1965. Mtu mmoja mwenye kikohozi ni mgonjwa. Watu elfu wenye kikohozi kimoja na orodha moja ni shauri zito mahakamani.

Kwa hiyo nawausieni mambo haya, kila mmoja ayashike.

Ukiumia, mpe khabari mwajiri wako mara moja, na ikiwezekana kwa maandishi, mbele ya mwenzio. Mwajiri naye anapaswa kuupa Mfuko khabari ndani ya siku saba. Asipofanya hivyo, usingoje huruma yake. Nenda mwenyewe au mtume mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Madai yasipitwe na miezi kumi na miwili. Mtu aambiwaye "subiri kidogo, tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe" ajue kwamba kila mwezi anaosubiri unakatwa katika haki yake.

Ukifika hospitali, mwambie daktari ni kazi gani uifanyayo na kwa muda gani, na umwombe ayaandike. Usiseme "nimeanguka" ukanyamaza. Sema umeanguka wapi, ukifanya nini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoingia kazini, akiwa kazini, na anapotoka. Daini kipimo cha kutoka. Hicho ndicho kidogo kuliko vyote kwa gharama, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote kwa faida. Asivuke mtu bahari kurudi kwao bila ya karatasi hiyo mfukoni.

Na kwa tawi letu la hapa: wekeni daftari. Andikeni jina la kila mwanachama, kazi yake, mwajiri wake, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na afya ya mtu ndiyo mali yake ya kwanza. Daftari hilo lisiwe la wanachama wetu peke yao. Jirani yenu Mzigua, Msambaa au Mmakonde akiumia naye aandikwe, hata kama hana kadi yetu, kwani korona haiulizi kadi ya chama kabla ya kukata.

Sasa neno kwa wale watakaoisoma hotuba hii Visiwani. Mambo ya kazi si katika Mambo ya Muungano. Mfuko niliouelezea ni wa Bara. Anayefanya kazi Segera analindwa nao kwa kuwa yuko Segera. Visiwani ilitungwa sheria ya fidia ya mwaka 1986, ikarekebishwa mwaka 2005, na msingi wake ulikuwa ule ule wa kumwachia mwajiri mmoja mmoja alipe. Mwajiri akifilisika au akifunga hoteli yake akaondoka, aliyeumia alibaki na hukumu isiyo na mlipaji.

Kipimo chetu kwa Serikali ya Visiwani, leo na kesho, ni hiki: je, aliyeumia Unguja au Pemba ana mfuko wa kumlipa hata mwajiri akikimbia? Je, pensheni yake itakwenda na wakati, au italala kama zile 108,000? Na yuko wapi mchumaji karafuu katika hesabu hiyo? Kila msimu watu huanguka mikarafuuni wakavunjika migongo. Shirika la Biashara la Taifa limewahi kuwalipa fidia baadhi yao, nasi hatulikanushi jema hilo. Lakini malipo yatolewayo kwa kupenda huweza kukatwa kwa kutopenda. Mama wa mwani naye hushinda majini, na anayenunua mwani wake husema hakumwajiri. Sheria imlindayo mwenye mwajiri peke yake humwacha nje mtu ambaye jasho lake linanufaisha wengine bila ya kuitwa mfanyakazi. Hili litakuwa katika madai yetu Barazani, na hatutalinyamazia.

Tumezoea kuona picha za wakubwa wakimkabidhi kilema bahasha, wakicheka, naye akiinamisha kichwa kushukuru. Ndugu zangu, anayelipwa haki yake hana haja ya kuinamisha kichwa. Achukue, atie sahihi, ahesabu. Na kama haikutimia, akate rufaa.

Rudini makazini kwa salama. Wiki hii lianze daftari, na jina la kwanza liandikwe kabla hatujaondoka hapa.