Wasifu Usiotaja Ndizi

Katika misiba ya Kilutheri mkoani Kilimanjaro, wasifu wa marehemu hufuata mkondo uleule: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, kuugua, kufariki. Bibi anapozikwa, waombolezaji husikia habari za imani yake. Biashara yake mara nyingi haitajwi, na hilo ni kumpunja.

Imani hiyo ililetwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliofika mlimani Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa upande wa biashara, kahawa iliyostawi baadaye ilihesabiwa kuwa mali ya mwanamume, na malipo yake yalipitia chama cha ushirika. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mke. Siku ya soko, iwe Mwika au Kiboriloni, alijitwika mkungu, akauza, akarudi na fedha aliyoipangia mwenyewe matumizi. Bei ya kahawa ilipoporomoka, fedha hiyo ndiyo iliyonunua sare, daftari na chumvi.

Sehemu ya ndizi na fedha hiyo ilikwenda kanisani. Baada ya ibada, mayai, kuku na ndizi za sadaka hunadiwa nje, na bibi aliyeleta mkungu wake humpandia bei kuku wa jirani huku akicheka. Ndani alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, ingawa nyimbo nyingi alizijua kwa moyo. Uchaji wake na uhuru wake vilikaa katika kikapu kimoja.

Familia zinazoandaa wasifu juma hili ziongeze aya moja: bibi aliuza nini, katika soko gani, na ni akina nani waliosoma kwa fedha hiyo.